"Mmeniandikia Telegramu": Adabu ya Barua kutoka Kilwa hadi Rockville

Makala hii imetokana na kosa tulilolifanya sisi watatu muhula uliopita. Tunalieleza mbele ya wanachama wenzetu na walimu wetu, kwa sababu kulirekebisha kulitupeleka kwenye historia ambayo hakuna aliyewahi kutufundisha.

Mama wa mmoja wetu anasoma Kiingereza jioni katika chuo cha jirani. Baada ya darasa huenda kazini, anakotunza wazee kuanzia saa tano usiku mpaka asubuhi. Mwezi wa kumi zamu yake ilibadilishwa ghafla ianze saa tisa alasiri, na wiki hiyohiyo alikuwa na mtihani. Akamwandikia mwalimu wake barua pepe kuomba afanye mtihani siku nyingine. Sisi tulikuwa jikoni kwake, hapa Rockville, tunakula maandazi. Akatukabidhi simu. "Hebu nisomeeni, mnisahihishie Kiingereza kabla sijaituma."

Barua ilikuwa ndefu. Aya ya kwanza ilimjulia hali mwalimu, familia yake na kazi zake, ikataja na baridi iliyoanza. Aya ya pili ilimshukuru kwa masomo. Ya tatu iliomba radhi kwa kumsumbua. Mtihani wenyewe ulitajwa katika aya ya nne. Mwishoni aliomba kwa unyenyekevu mkubwa afikiriwe, akajiita mwanafunzi wake mtiifu.

Tulicheka kidogo, tukaanza kufuta. Sisi tumezaliwa hapa au tuliletwa tukiwa wadogo, na tangu sekondari tumeambiwa kwamba barua pepe nzuri ni fupi. Tulifuta afya, familia, baridi, radhi, unyenyekevu na utii. Ikabaki mistari mitatu: mimi ni fulani wa darasa fulani, zamu yangu imebadilika, je, naweza kufanya mtihani siku nyingine? Kiingereza kilikuwa safi. Tukamrudishia simu.

Akasoma mara mbili. Kisha akasema, "Mmeniandikia telegramu. Nani amekufa?"

Hatukumwelewa, ikabidi atueleze. Alipokuwa mtoto Tanga, ndugu wa mbali alikuwa na njia mbili za kukufikia: barua na telegramu. Barua ililipiwa stempu, na kwa stempu ileile ungeweza kujaza karatasi pande zote mbili, kwa hiyo ilibeba salamu za kila mtu. Telegramu ililipiwa kwa neno. Salamu zilikatwa, na watu waliituma palipokuwa na jambo lisiloweza kungoja. Mara nyingi jambo hilo lilikuwa msiba. Mtu wa posta alipoonekana na karatasi ile mlangoni, kulikuwa na wanaoanza kulia kabla haijafunguliwa.

"Mimi nilifundishwa kuandika barua," akasema. "Ninyi mlifundishwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda maktaba kumtafutia.

BARUA ZILIZOVUKA BAHARI

Tulianzia pwani. Watu wa pwani yetu walikuwa wakiandika barua muda mrefu kabla ya shule za Kizungu. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa mpaka leo Goa, India, mji uliokuwa makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa Unguja, alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, na ndani yake akaweka mifano ya barua za Waswahili. Mwaka 1892 C. G. Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, zikiwemo barua. Yaani Mzungu aliyetaka kufanya kazi pwani ilimbidi ajifunze kwanza namna ya kuandika barua yenye adabu kwa Kiswahili. Zamani zile aliyekuwa akihangaika na adabu ya barua za wenyewe alikuwa yeye.

Barua ya namna hiyo ilikuwa na hatua zake. Mwanzo ulikuwa jina la Mungu. Kisha mwandikiwa alitajwa kwa sifa na kwa jina la baba yake. Zikafuata salamu na dua ya afya. Ndipo yalipokuja maneno ya kufungua mlango, "ama baada ya salamu", na baada yake "nakuarifu". Habari yenyewe, iwe deni, bidhaa au ugonjwa, iliingia hapo. Mwisho zilikuja salamu za watu wa upande huu kwa watu wa upande ule, "wasalaam", jina na tarehe.

Tulipoisoma ramani hii tulitazamana. Ilikuwa barua ya mama, ila yeye hakuiandika kwa hati za Kiarabu na alikuwa na simu mkononi.

Kwa nini salamu zilitangulia? Sababu moja ni safari. Barua kutoka Unguja kwenda Maskati ilipanda jahazi wakati wa kusi, na jibu lilirudi na kaskazi. Mtu aliyekaa miezi bila habari zako angetaka kujua kwanza kama u hai, ndipo asikie kuhusu deni. Sababu nyingine ni kwamba barua haikuwa ya macho ya mtu mmoja. Mara nyingi ilisomwa kwa sauti na yule aliyejua kusoma, wengine wakisikiliza. Kumsalimu mwenye barua kulikuwa kuisalimu nyumba yake, na nyumba ile nayo ilidaiwa kujibu. Salamu ilikwenda na kurudi, kama ilivyo mpaka leo mtu anapobisha hodi.

Tusiipambe pwani kupita kiasi. Kulikuwa na mabwana na watumwa, na sifa ndefu walipewa wenye mali. Hata neno kibarua linatuambia hivyo: ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa, mwishowe mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Yeye hakuandikiwa kwa sifa. Hata hivyo, kanuni ya barua yenyewe ilikuwa kwamba anayeandika na anayeandikiwa wote wawili ni watu wa kujuliwa hali.

MTUMISHI WAKO MTIIFU

Utii uliingia kwa mlango mwingine. Wajerumani waliendesha sehemu kubwa ya utawala wao kwa Kiswahili. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kiswahili kilibaki katika madarasa ya chini na ofisi za wilaya, lakini ngazi za juu zilikuwa za Kiingereza. Kenya na Uganda hali ilikuwa hiyohiyo kwa namna yake. Aliyetaka kuwa karani wa ofisi kubwa, au kufika Makerere, chuo kilichofunguliwa Kampala mwaka 1922, alipaswa kukijua Kiingereza, na Kiingereza alichohitaji zaidi kilikuwa cha barua.

Barua rasmi ya Kiingereza ya wakati ule nayo ilikuwa na kanuni. Ilianza kwa "Bwana" bila jina. Ilisema mwandishi ana heshima kuleta jambo fulani. Ilimalizika kwa kusema kwamba mwandishi ana heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa anayeandikiwa. Hapa tulijifunza jambo lililotushangaza: maofisa wa Kiingereza walimalizia hivyo hata wao kwa wao. Gavana aliweza kumwandikia mtu wa chini yake na kujiita mtumishi wake mtiifu, na hakuna aliyedhani gavana atamletea chai. Kwao maneno yale yalikuwa yamechakaa, kama sarafu iliyofutika sura.

Kwa karani Mwafrika hayakuwa yamechakaa hata kidogo. Yeye kweli alitakiwa kutii. Aliyemwandikia ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza, kumhamisha au kumnyima ruhusa. Kwa hiyo maneno yaleyale mawili yalikuwa mchezo wa adabu yakitoka juu, na yakitoka chini yalikuwa maelezo ya maisha. Baadaye yakatafsiriwa, na ndiyo maana bado tunakuta barua za Kiswahili zinazoishia "wako mtiifu". Wengi wetu tulidhani ni Kiswahili cha asili. Katika barua za pwani mtu alijiita ndugu au rafiki anayekuombea afya.

Shuleni nako njia ya Kiingereza haikuwa laini. Ngũgĩ wa Thiong'o na Wangari Maathai, wote wawili, wameeleza katika vitabu vyao jinsi mwanafunzi aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivyovishwa au kukabidhiwa kitu cha kumtia aibu, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Mtoto aliyekipata Kiingereza kwa njia hiyo alijifunza pia kwamba kosa la lugha ni kosa la tabia. Wazazi wetu wanapotuomba tusahihishe Kiingereza chao kwa sauti ya chini, wengine wageni wasisikie, historia hiyo iko nao jikoni.

NDEGE YA MWAKA 1959

Kiingereza kilekile cha karani kiligeuka kuwa tiketi. Mwezi Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki ilitua New York. Mpango huo uliongozwa na Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, aliyekuwa na umri wa miaka 29 tu. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwasomesha Waafrika vyuo vikuu, na uhuru ulikuwa unakaribia. Mboya alizunguka Marekani akiomba nafasi na nauli. Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi zao kwenye barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy uliahidi dola 100,000. Mpaka mpango ulipomalizika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mamia ya vijana walikuwa wamevuka, akiwemo Wangari Maathai aliyekwenda kusoma Atchison, Kansas, mwaka 1960.

Tunapoisimulia habari hii katika klabu zetu huwa tunaisifu ndege. Tunasahau kwamba kabla ya kiti cha ndege ilibidi kuwe na barua. Kijana wa Kisumu au Nyeri alikaa na kalamu, au akaazima taipureta ya ofisini, akaviandikia vyuo ambavyo hajawahi kuviona katika majimbo ambayo hawezi kuyatamka, akaomba nafasi, kisha akaomba ada, kisha akaomba kazi ya likizo. Barack Obama mkubwa, aliyefika Hawaii mwaka huohuo wa 1959 kwa njia nyingine, naye alifungua milango kwa barua. Alikuwa karani Nairobi katika ofisi ya Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyefundisha kisomo cha watu wazima, na barua zake nyingi za kuomba msaada zimehifadhiwa katika maktaba ya Schomburg, Harlem. Mtoto wake alikuja kukaa Ikulu ya Marekani, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa tunapoandika.

Vijana wale walikuwa wamefundishwa Kiingereza cha Mwingereza na walikuwa wakiwaandikia Wamarekani. Tunaamini baadhi ya waliopokea barua hizo walitabasamu kama sisi tulivyotabasamu jikoni. Lakini wale hawakuwa watu wanyonge. Walikuwa wakijiandaa kushika nchi zao. Unyenyekevu ulikuwa funguo waliyopewa na waliofunga mlango, nao wakaitumia kufungulia.

WAKO KATIKA UJENZI WA TAIFA

Baada ya uhuru, Tanzania ilijaribu kubadilisha barua yenyewe. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Makarani waliozoea Kiingereza walihitaji fomu mpya. "Bwana" akawa "Ndugu", kwa waziri na kwa mkulima. "Mtumishi wako mtiifu" akapata mshindani: "Wako katika ujenzi wa taifa". Tunaipenda sana hiyo. Kwa mara ya kwanza aliyeandika na aliyeandikiwa walikuwa na kazi moja.

Hii ndiyo barua aliyofundishwa mama shule ya msingi. Barua rasmi ilikuwa na anwani mbili zenye S.L.P., tarehe, salamu ya "Ndugu", kisha YAH, yaani yahusu, iliyopigiwa mstari. Wenzetu wa Kenya huandika KUH au MINT. Baada ya maelezo ilikuja "natanguliza shukrani", kisha sahihi na jina. Barua ya kirafiki ilikuwa jambo jingine: humo mtoto aliandika kwamba yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na macho yake, na dhumuni la barua ni kukujulia hali. Mwenzetu mmoja, ambaye wazazi wake wanatoka Bukavu, anasema baba yake alifundishwa mambo hayohayo kwa Kifaransa, na kwamba ukiona Kiingereza cha mama ni kirefu, hujaona Mkongo akimaliza barua rasmi.

Kwa hiyo mtu wa rika la mama, anapokaa kumwandikia mwalimu wake Marekani, ana barua tatu kichwani kwa mpigo: ya pwani inayosalimu nyumba nzima, ya karani inayotii, na ya Azimio inayotanguliza shukrani. Zote tatu zinatoka kwa Kiingereza kimoja, na sisi tulikiona kuwa Kiingereza kibovu.

MUDA WA MSOMAJI

Kampasi ya Rockville ya Montgomery College ilifunguliwa mwaka 1965, na mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoondoa mgawo wa uhamiaji uliowapendelea watu wa Ulaya. Miaka miwili kabla, watu wa kujitolea walikuwa wameanzisha Literacy Council of Montgomery County kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Walipoanza hawakujua kwamba wilaya yao itakuja kuwa na madarasa yenye Mhabeshi, Msalvador, Mkorea na Mtanzania kwenye benchi moja. Sheria ya mwaka 1990 ikaleta bahati nasibu ya viza, ambayo ndiyo iliyowaleta wazazi wa zaidi ya mmoja wetu.

Barua pepe ilikuwa imezaliwa pia. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, akatumia alama ya @ kutenganisha jina na mashine. Ilipofika miji ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, watu wengi waliitumia katika intaneti kafe, wakilipia kwa dakika. Shangazi wa mwenzetu anakumbuka kwamba aliandika kwanza nyumbani kwenye daftari, akapunguza salamu, ndipo akaenda kulipa. Telegramu ilikuwa imerudi kwa sura nyingine. Mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, bei ilianza kushuka, na leo vikundi vya familia kwenye simu zetu vimejaa salamu kuanzia alfajiri.

Tuliona basi kwamba bei ina mkono wake katika adabu. Palipo na bei ya neno, salamu hukatwa. Siku hizi neno halilipiwi, kwa nini tunafundishwa kukata? Tulimuuliza mmoja wa walimu wetu, naye akatujibu kwa hesabu: ana wanafunzi zaidi ya mia moja na kila asubuhi anakuta barua kadhaa za kujibu kabla ya darasa. Anayelipa sasa ni msomaji, na analipa kwa muda wake. Jibu hili lilitubadilisha kidogo. Kuandika kwa ufupi kunaweza kuwa heshima, kama vile kutokaa sana kwa mgonjwa ni heshima ingawa unampenda.

Jambo la pili tuliloliona lilituchekesha. Karatasi ya maelekezo tuliyopewa mwaka wa kwanza inasema: andika mada iliyo wazi, msalimu mwalimu kwa cheo na jina, jitambulishe na darasa lako, eleza jambo, omba, shukuru, weka jina. Weka karatasi hiyo kando ya barua rasmi ya shule ya msingi ya Tanzania. Mada ni YAH. Cheo na jina ni salamu ya "Ndugu". Shukrani za mwisho ni "natanguliza shukrani". Mama alikuwa amefundishwa yote hayo akiwa na miaka kumi na miwili, na sisi tulifundishwa na miaka kumi na minane, tukadhani ni ujuzi wa Kimarekani.

UPANDE WA PILI WA KIOO

Kabla hatujarudi jikoni, haki inatutaka tuseme na la kwetu. Katika muhula huohuo tuliuandikia upande wa pili: barua pepe kwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Tuliandika hivi: "Habari. Tunataka kujua kwa nini tulipata alama hizi. Asante." Kichwani mwetu ilikuwa barua ya heshima kabisa. Ina salamu, ina asante.

Mwalimu, ambaye anasoma makala hii na anajua tunamsema, alijibu: "Hamjambo wanangu? Mimi sijambo, ingawa hamkuniuliza. Mnataka, au mnaomba?"

Tulikuwa tumechukua sentensi ya Kiingereza tukaivalisha kanga. Kwa Kiswahili mtoto hamwambii mkubwa "nataka". Anaomba, na kabla ya kuomba anaamkia. Aibu tuliyoipata siku ile ilikuwa ndogo, kwa sababu mwalimu alitutania kwa upendo na hakuna alama iliyopungua. Lakini tulifikiri: mama akikosea kwa Kiingereza, je, anayempokea humtania kwa upendo? Au humwona kuwa mtu asiyejua? Sisi tulioketi mezani kwake ndio tulioanza kucheka.

BARUA YA PILI

Kwa bahati mtihani ulikuwa bado siku nne. Tulirudi jikoni na daftari letu, tukamweleza mama tuliyoyasoma: Kilwa, Steere, maofisa na "mtumishi mtiifu", ndege ya Mboya. Alisikiliza huku akikanda unga. Tulipofika kwa karani akaacha kukanda.

Baba yake alikuwa karani katika shamba moja la mkonge, Tanga, kabla ya uhuru. Yeye ndiye aliyemfundisha barua: wapi anwani ikae, wapi tarehe, namna ya kuacha nafasi pembeni. Alikuwa na mwandiko mzuri na alijua kupiga chapa bila kutazama vidole. Siku moja ilimfika telegramu kutoka Lushoto kwamba mama yake amefariki. Akaketi, akamwandikia meneja barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu. Aliweka kila kitu mahali pake: Bwana, heshima, unyenyekevu, mtumishi wako mtiifu. Barua ilirudi kwake mchana ileile. Meneja alikuwa ameandika pembeni kwa penseli, bila salamu na bila jina: siku moja.

"Alinionyesha ile karatasi," mama akasema. "Aliiweka miaka yote. Kwa hiyo huo utii, futeni. Sikujua kwamba bado ninao. Lakini salamu zangu zirudisheni."

Tukaandika upya pamoja, yeye akisema na mmoja wetu akiandika. Mada ilitaja mtihani na tarehe, na mama akaiita YAH mpaka mwisho. Salamu ilikuwa na jina na cheo cha mwalimu, kisha mstari mmoja wa kumjulia hali na kutaja baridi, kwa sababu baridi ilikuwa kweli na yeye ni mtu aliyeiona. Jambo la zamu lilikuja hapohapo chini yake, wazi, pamoja na siku mbili ambazo angeweza kufika. Radhi tulibishania. Sisi tulisema kubadilishiwa zamu si kosa la kuombea radhi. Yeye akasema haombi radhi kwa kosa, anaomba kwa sababu anamwongezea mtu kazi. Tukamwachia. Shukrani zikatangulizwa. Mwisho akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, bila kujiita mtumishi wala mtiifu wa mtu.

Ilikuwa na mistari minane. Jibu lilifika jioni: siku ya mtihani ilikubaliwa, na mstari wa kwanza ulimshukuru kwa kuuliza hali, ukasema hata yeye mwalimu baridi imemshika kifua. Mama alitusomea mstari huo mara mbili. "Mnaona? Amejibu salamu."

Hatusemi kwamba kila mwalimu wa Marekani atajibu salamu. Tunachosema ni hiki. Sisi watoto wa wahamiaji ndio tunaoombwa kila siku kusahihisha barua za wazazi: kwa shule, kwa mwenye nyumba, kwa hospitali. Tuna kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kabla ya kukibonyeza inafaa tujue tunachofuta kimetoka wapi. Utii umetoka kwa meneja mwenye penseli, nao unaweza kwenda. Salamu imetoka mbali zaidi, kwa watu waliongoja upepo ili wajue kama ndugu yao yu mzima. Ipunguze ikibidi, kwa ajili ya muda wa msomaji, lakini usiimalize.

Na wewe, mwanachama mwenzetu, unapomwandikia mwalimu wa Kiswahili usiku wa manane ukiomba siku mbili zaidi za kumaliza insha, kumbuka: omba, usitake. Na muulize hali.



Wasalaam,
Ni sisi wenzenu katika kujifunza Kiswahili,
Rockville